Flashi, DVD, king'amuzi au bando: filamu moja tuliyoitazama mara tatu Mtwara

Mimi na binamu yangu wa Lindi tulibishana karibu wiki mbili kwa simu kuhusu filamu moja. Mimi naishi Mtwara mjini, Chikongola. Yeye yuko Lindi mjini, ila kwa upande wa bibi sote asili yetu ni Kilwa Kivinje. Filamu yenyewe ni The Woman King ya mwaka 2022, ile ya wanawake wapiganaji wa ufalme wa Dahomey, uliokuwa katika nchi ambayo leo inaitwa Benin. Nilimwambia kwamba ni siku nyingi sijaona filamu iliyoanza vizuri namna ile. Akanijibu, "Mwanzo gani, binamu? Mwanzo wenyewe giza tupu. Nimeona moto, nimesikia mapanga, basi."

Nilidhani ananitania. Alipokuja Mtwara kwenye harusi ya mdogo wetu alikuja na flashi yake, tukaichomeka kwenye TV yangu usiku ule ule. Kweli, giza tupu. Moto ulionekana, mapanga yakasikika. Filamu aliyoiponda yeye na filamu niliyoisifia mimi zilikuwa na jina moja, waigizaji wale wale na hadithi ile ile, lakini macho yetu yalikuwa yameona vitu viwili tofauti.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia filamu fulani mbaya, swali langu la kwanza ni hili: uliitazama kwenye nini? Na kwa kuwa binamu alikuwa nyumbani siku tatu, tuliamua kufanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Tulichukua dakika tano za mwanzo wa filamu ile tukazitazama kwa njia tatu tulizokuwa nazo, TV ile ile, sebule ile ile, taa imezimwa. Ninayoandika hapa yametoka humo, pamoja na miaka yangu ya kuchomeka na kuchomoa nyaya.

Kwanza nieleze kinachotakiwa kuonekana. Ni usiku. Wanaume wamekaa kuzunguka moto. Mbele yao kuna nyasi ndefu na nyuma ya nyasi kuna giza. Ndege wanaruka. Kisha kutoka kwenye nyasi anainuka mwanamke mmoja, Nanisca, jenerali anayeigizwa na Viola Davis, amesimama kimya na silaha yake. Nyuma yake wanaanza kuinuka wengine, mmoja mmoja, mpaka unatambua kwamba nyasi zote zile zilikuwa zimejaa watu. Mwongozaji, Gina Prince-Bythewood, ameliweka onyesho hili zima juu ya mwanga wa moto unaogusa ngozi nyeusi. Unatakiwa uone nyuso. Unatakiwa uone jicho la mtu aliyejificha kabla yule mwanamume kando ya moto hajaliona. Usipoziona nyuso hizo, hofu inapotea, na kinachobaki ni kelele.

Flashi

Nakala ya binamu ilikuwa ya MB 700. Alilipa shilingi 500 kwenye kibanda cha muvi, kijana akamwekea na nyingine nne. Namba hiyo ya 700 ina historia yake. Ndiyo nafasi iliyokuwa kwenye CD ya kawaida, na zamani watu walibana filamu mpaka itoshee humo. CD zimekwisha, mazoea yamebaki.

Filamu ile ina dakika 135. Ukigawa MB 700 kwa muda huo, kila sekunde inapata kama kilobaiti 86 tu za kubeba picha na sauti pamoja. Ni sawa na kupika ugali wa watu ishirini kwa unga wa watu wanne: sufuria itajaa, lakini kilichojaa ni maji. Programu ya kubana filamu inapolazimishwa hivyo huanza kuiba mahali inapodhani jicho halitagundua, na mahali penyewe ni gizani. Kivuli chenye ngazi kumi za weusi kinafanywa ngazi mbili. Kwenye TV yangu nyasi zilikuwa bonge moja jeusi lenye vimraba vinavyocheza pembeni, na Viola Davis alipoinuka tuliona kipande cheusi kimetoka kwenye kipande kingine cheusi. Mwanga wa moto ulipompiga usoni, uso haukuwa na uso. Hili linaniuma zaidi kwenye filamu za watu weusi. Mpiga picha amehangaika kuweka taa ili ngozi ya mwigizaji ionekane kwa rangi zake zote, halafu nakala mbovu inaifuta kazi hiyo yote na kumfanya mtu kuwa kivuli.

Si kila flashi ni hivyo, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Siku ya pili tulienda kibandani, hiki cha kwetu Mtwara, nikamwomba kijana nakala kubwa. Alikuwa na ya GB 2 na nusu hivi. Tofauti ilikuwa ya usiku na mchana, nyuso zikarudi. Kwa hiyo ukienda kibandani usiulize tu "unayo?" Muulize ni ya GB ngapi. Kwa filamu ya saa mbili, chini ya GB 1 tarajia shida kwenye maonyesho ya usiku. Kati ya GB 1 na nusu na 3, kwa TV ya inchi 32, utaridhika. TV nyingi za inchi 32 zina vitone 1366 kwa 768 tu, kwa hiyo hata ukipewa faili la 4K lenye GB 20, kioo chako hakina pa kuviweka vitone vyote hivyo. Utakuwa umejaza flashi bure.

Kuna mitego mitatu ya flashi iliyonisumbua hadi nikaijua. Wa kwanza: flashi nyingi zinakuja zimefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, na huo haupokei faili moja linalozidi GB 4. Kijana atakwambia flashi imejaa, kumbe ina nafasi tele. Wa pili: picha ipo, sauti hakuna. Mara nyingi ni sauti ya aina ya DTS, ambayo TV nyingi hazisomi. TV haijaharibika, omba nakala nyingine. Wa tatu: sauti ipo, picha hakuna, au TV inaandika kwamba faili halisomeki. Hapo mara nyingi faili limebanwa kwa H.265, mtindo mpya ambao TV za zamani na deki hazijui kuufungua. Omba iliyobanwa kwa H.264.

Na zipo nakala zilizorekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi wa sinema, filamu ikiwa bado mpya. Unaona kichwa cha mtu kinapita, unasikia watu wanakohoa. Sina maneno mengi juu ya hizo. Subiri miezi michache, filamu haiozi.

Jambo jingine sitalificha. Karibu kila kilichomo kwenye vibanda vyetu kimewekwa bila ruhusa ya mwenye kazi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na tangu 2013 filamu na muziki vinavyouzwa vinatakiwa kuwa na stempu za kodi. Ile shilingi 500 ya binamu haikuvuka barabara, sembuse kumfikia aliyesimama gizani na kamera. Kwa filamu ya kigeni iliyotengenezwa kwa mamilioni ya dola, wengi hatushtuki. Kwa filamu ya kwetu, ambayo mtu amekopa kuitengeneza, mimi nashtuka, na nimeacha kabisa kuweka filamu za Kitanzania kwenye flashi. Zipo njia nyingine, nitazitaja.

DVD

Shemeji yangu alirudi kutoka Afrika Kusini na diski halisi ya filamu hiyo, na ndiyo niliyoitazama mimi kwa mara ya kwanza. DVD halisi zina kanda. Afrika Kusini iko kanda ya 2, sisi huku tuko kanda ya 5, na deki yenye kufuata sheria ingeikataa diski ile. Deki yangu ni ile ya Kichina ya bei nafuu, haijali kanda, ikaisoma. Ukiletewa diski na ndugu wa nje, jaribu kwanza kwenye deki ya bei rahisi ya jirani kabla ya kukata tamaa.

Kwa namba za karatasi, DVD ni teknolojia ya wazee. Picha yake ni vitone 720 kwa 576, chini kabisa ya kile TV yako inachoweza. Lakini diski za kiwandani nyingi zina tabaka mbili zenye jumla ya GB 8.5, kwa hiyo kila sekunde inapata chakula cha kutosha, na giza linabaki na ngazi zake. Tulipoiweka, binamu alinyamaza. Nyasi zilikuwa nyasi. Mistari ya picha ilikuwa laini kidogo, si kali kama ya faili lile la GB 2 na nusu, lakini moto ulitoa rangi ya chungwa inayopauka taratibu kuelekea weusi, bila vimraba. Kwa filamu ya usiku mwingi ningeichukua DVD halisi mbele ya nakala kali iliyobanwa kupita kiasi, bila kufikiri mara mbili.

DVD ya mtaani ni kitu kingine kabisa. Mnazijua zile zilizoandikwa muvi 20 ndani ya diski moja, kava lina picha za waigizaji ishirini wamebanana kama abiria wa daladala. Diski hiyo ina GB 4.7. Gawa kwa ishirini: MB 235 kwa filamu. Binamu analalamikia MB 700, hebu afikirie hiyo. Kwenye TV ya chogo ya inchi 14 zilipita, kwa sababu kioo chenyewe kilikuwa kidogo na kilificha makosa. Ukizileta kwenye bapa la inchi 43, kila kosa linakuja mbele.

Halafu kuna hewa yetu. Sisi wa Shangani, Mikindani, Kilwa Masoko, Lindi ya chini kule ufukweni, chumvi inakula kila chenye chuma. Deki iliyokaa karibu na dirisha la baharini huanza kuruka-ruka, unaambiwa lenzi imechoka, kumbe mara nyingine ni vumbi na unyevu. Ifunike, na iwashe mara kwa mara hata kama huitumii. Diski zishike ukingoni, zirudishe kwenye kava. Nina diski za mwaka 2009 bado zinacheza.

Bando

Njia ya tatu tuliyojaribu ilikuwa mtandaoni, TV imeunganishwa na hotspoti ya simu yangu. Usiku wa saa nne, mtandao ukiwa umetulia, picha ilikuwa bora kuliko zote. Kwa sekunde kama kumi za kwanza ilikuja ukungu, halafu ikajivuta, ikawa safi. Niliona kitu ambacho hata kwenye DVD sikukiona, namna kila uso kwenye nyasi ulivyoshika mwanga wake.

Tatizo ni kwamba filamu ya mtandao hupandisha na kushusha ubora kulingana na kasi unayopata. Siku iliyofuata saa moja jioni, mtaa mzima ukiwa kwenye simu, dakika zile zile tano zilikuwa karibu mbaya kama flashi ya binamu, na mara mbili picha iliganda na duara likazunguka. Ukitazama kwa bando jioni halafu ukasema filamu ina giza, huenda unaulaumu usiku wa Dahomey kwa foleni ya mnara wa simu.

Hesabu zake ni hizi. Netflix wenyewe wanasema ubora wa kawaida unakula kama GB 1 kwa saa, na ubora wa HD unaweza kufika GB 3 kwa saa. Filamu ya dakika 135 kwa HD itakaribia GB 7. Linganisha na bando unalonunua ujue kama unaweza. Kwenye simu kuna mpangilio wa kubana matumizi ambao GB 1 inakupa kama saa sita. Kwenye kioo cha simu unatosha, ila usiutumie kisha ukatoa hukumu juu ya picha za filamu. Ninachofanya mimi ni kupakua kwa bando la usiku, watu wakiwa wamelala, na kutazama kesho yake. Filamu iliyopakuliwa haipandi wala kushuka.

Mtandao wenyewe nao una siku zake. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, nchi nzima ikakaa siku kadhaa na intaneti ya kukokota. Mwezi huo huo Kimbunga Hidaya kilikuwa kimeshatupiga sisi wa kusini na kuikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Nilikuwa na rafu yangu ya diski. Watoto wa jirani walijaa sebuleni.

King'amuzi, na kibanda umiza

Hizi mbili hatukuweza kuzipima kwa filamu ile ile, kwa hiyo nitapita haraka.

King'amuzi ndiyo njia rahisi ya halali ya kutazama filamu za Kiswahili. Azam TV wana chaneli ya Sinema Zetu, DStv wana Maisha Magic Bongo. Ukilipia kifurushi, filamu za kwetu zinakuja mpaka sebuleni. Huchagui saa, huwezi kurudisha nyuma kwenye king'amuzi cha kawaida, na matangazo yatakukatisha mahali pabaya. Picha hutegemea chaneli. Kwa wenye dishi, mvua zetu zinazoanza Novemba au Desemba na kwenda mpaka Aprili ndizo mtihani. Wingu zito likikaa kati ya dishi na setilaiti, picha inakatika vipande kisha inapotea. Fundi hawezi kuizuia mvua, lakini dishi lililolengwa vizuri na kichwa chake kisicho na kutu hudumu muda mrefu zaidi kabla ya kupoteza mawimbi. Kichwa hicho kagua kila mwaka.

Kibanda umiza, ule ukumbi wa mtaani wa kulipia kiingilio, ni cha mpira. Kwa filamu, joto na kelele vinashinda hadithi, isipokuwa za mapigano, ambazo mimi nakiri zinanoga zaidi watu hamsini wakipiga mayowe pamoja.

Kabla ya kununua TV mpya

Msimu wa korosho, Oktoba mpaka Desemba, pesa za mnada zikiingia, maduka ya TV kuanzia Masasi, Newala mpaka hapa mjini hayana nafasi ya kupita. Nawaomba ndugu zangu, kabla hujauza gunia moja zaidi ili upandishe inchi, shika rimoti.

TV nyingi zinatoka dukani zikiwa kwenye mpangilio wa rangi kali, unaoandikwa Vivid au Dynamic. Dukani zinavutia. Nyumbani zinafanya ngozi kuwa nyekundu na giza kuwa shimo. Nenda kwenye mipangilio ya picha, chagua Movie au Cinema. Usiku wa kwanza utaona picha imepauka na kuwa na umanjano. Vumilia siku mbili. Binamu alifanya hivyo kwenye flashi yake ile ile ya MB 700 na alianza kuona ukingo wa bega la Nanisca. Haikuwa nzuri, lakini bega lilikuwepo.

Cha pili, zima kile kinacholainisha mwendo. Kila kampuni inakiita jina lake, mara nyingi kuna neno "motion" ndani. Kikiwaka, filamu ya mamilioni inaonekana kama igizo lililorekodiwa uani. Cha tatu, kama watu wote kwenye kioo wamenenepa mashavu, picha ya 4:3 imevutwa kujaza kioo cha 16:9. Irudishe. Mistari myeusi pembeni si ubovu.

Sauti nayo. Watu wanalalamika kwamba wakiongeza sauti wasikie maneno, milipuko inaamsha mtaa. Filamu nyingi zina sauti ya spika sita, na maongezi yako kwenye spika ya katikati ambayo wewe huna. Kwenye menyu ya DVD au ya programu ya mtandaoni chagua sauti ya stereo badala ya 5.1. Sabufa isogeze mbali na kona ya ukuta, maana kona huikuza besi na kuyameza maneno. Na kama umeme wa mtaani kwenu hupanda na kushuka, stebilaiza ije kabla ya sabufa.

Ipi kwa nani

Bibi yetu anayeishi Newala akija mjini hatazami maandishi ya chini, na Kiingereza si chake. Kwake filamu iliyotafsiriwa na msimuliaji ndiyo filamu kamili. Mimi kwa miaka mingi nilizidharau kwa sababu sauti ya msimuliaji inafunika muziki na picha kawaida imebanwa mara ya pili au ya tatu. Kisha nikakaa naye siku moja nikamtazama yeye badala ya TV. Anacheka, anamjibu msimuliaji, anamwonya shujaa. Usimulizi huu una wazee wake waliouheshimu, Lufufu akiwa mmoja wao, na ni sanaa yenyewe. Kwa bibi nachagua flashi ya iliyotafsiriwa, na simbishii.

Kwa filamu za maongezi, zile za familia sebuleni na ofisini mchana, nakala ya kati inatosha. Binti, filamu ya Seko Shamte yenye wanawake wanne wa Dar es Salaam na kila mmoja na sura yake ya hadithi, iliingia Netflix mwaka 2022, na mke wangu aliitazama yote kwenye simu kitandani. Alilia pale pale nilipolia mimi kwenye TV. Nguvu yake iko kwenye maneno na kimya cha waigizaji, na hivyo havihitaji GB 7. Maoni yangu juu yake ni kwamba sura zake zimekatwa fupi mno. Kila mwanamke nilimwacha nikiwa ndiyo kwanza nimemzoea.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, ni kinyume chake. Nilibahatika kuiona ukumbini Dar es Salaam. Ile Zanzibar ya miaka ya 1950 imejengwa kwa vivuli, madirisha na rangi. Sitaitazama kwenye nakala iliyobanwa hata nikipewa bure. Kama huna njia ya kuipata ikiwa safi, soma riwaya kwanza, uisubiri.

Mwenye pesa kidogo na mtandao mbovu, kama ndugu zetu wa vijijini Tandahimba au Liwale, aanze na king'amuzi kwa filamu za Kiswahili na flashi nzuri ya GB 64. Mwenye mtandao wa uhakika apakue usiku. Mwenye ndugu wanaosafiri aagize diski halisi, maana ndiyo pekee kati ya njia hizi za halali ambayo ukishainunua hakuna wa kukukatia: si kifurushi, si mnara, si mwenye programu anayeamua kuiondoa filamu mwezi ujao.

Binamu tuliimaliza naye ile DVD usiku wa tatu, mpaka saa saba. Ubishi haukuisha, ulihamia kwingine. Nyuso akaziona, mwanzo akausifu, ila mfalme Ghezo hakumkubali. Filamu inamwonyesha kama mtu anayekaribia kuiacha biashara ya watumwa, wakati historia inasema Dahomey iliendelea nayo miaka mingi chini yake, hadi Waingereza walipoibana pwani ile mwanzoni mwa miaka ya 1850. "Sisi watu wa Kivinje," aliniambia, "misafara ya kutoka Ziwa Nyasa iliishia kwenye gati letu. Mtu asinipambie mfalme aliyeuza watu." Hapo niko naye. Naipenda filamu ile, na pale tu ndipo naona ilikwepa. Lakini hayo ndiyo maongezi niliyoyataka tangu mwanzo, maongezi ya watu wawili walioiona filamu moja.

Aliondoka na diski kwa basi la asubuhi. Saa tatu usiku akanipigia kutoka Lindi, TV inasikika nyuma yake. Alikuwa ameshaiweka kwenye Cinema. "Binamu, subiri kidogo," akasema, "mama watoto anasema nirudishe pale wanapoinuka kwenye nyasi."